Eti Bosco Ana Upweke

Eti Bosco ana upweke. Daktari wa mifugo kaniambia hivyo leo asubuhi, kavaa glavu, kakunja uso, sauti kaishusha chini ungedhani analeta habari za msiba. "Baba Kadzo, mbwa huyu haumwi. Analia usiku kwa upweke. Mtafutie mwenzake." Halafu akakunjua mkono apewe chake. Nimelipa elfu moja na mia tano kuambiwa mbwa anataka rafiki. Mimi mwenyewe marafiki wananikwepa tangu ile harambee ya Desemba, na hakuna daktari aliyeniuliza usiku nalala vipi.

Tena Bosco mwenyewe si mbwa wa kusema. Koko wa hapahapa Mtopanga, Mombasa, sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa. Nilimfuga kwa sababu mnazozijua. Wale vijana wa mapanga wakipita, mtu hutoki nje, na ukipigia polisi simu unaulizwa gari litatiwa mafuta na nani. Basi Bosco ndiye askari wa ploti, mshahara wake sima na vichwa vya samaki. Sasa askari analia zamuni, na ploti nzima inakuja kunishtaki mimi.

Binti yangu Kadzo akachukua simu yangu, na bando langu, akaingia kutafuta. Chai haijachemka, ameshaamua: Bosco aletewe mbwa wa Kijapani wa kuwindia. Nikamwuliza, kwa nini Mjapani? Akanitazama kwa huruma. "Baba, gari la mjomba la Japani, tuktuk tu ndiyo ya India. Mbwa naye mbona asitoke Japani?" Nikatafuta jibu nikalikosa. Mji huu karibu kila chenye magurudumu manne kimeshuka bandari ya Kilindini baada ya Mjapani kukichoka.

Nikasomewa. Kumbe Wajapani wana aina sita za mbwa wa asili na hawana mchezo nao. Kati ya 1931 na 1937 serikali yao iliwatangaza aina moja baada ya nyingine kuwa urithi wa taifa, Akita akitangulia. Yaani mbwa na Fort Jesus, daraja moja. Huyo Akita nikamkataa papo hapo kwa ukubwa wake, maana nikimlisha yeye, sisi wengine tuhamie kwa jirani. Kadzo akataka kunilainisha na kisa cha Hachiko, yule Akita aliyekuwa akimpokea profesa wake stesheni ya Shibuya. Profesa akafa 1925, mbwa akaendelea kwenda kumngoja mpaka naye akafa 1935. Mama Kadzo akafuta machozi kwa kanga. Mimi nikamtazama Bosco. Siku nikifa mimi, Bosco atangoja mpaka saa ya chakula, kisha ataanza maisha mapya.

Wa Hokkaido ni wa theluji, alikuwa akikabiliana na dubu. Hapa Kaskazi likishika hata mimi mzaliwa nalala sakafuni. Wa Kishu na wa Shikoku ni wa nguruwe mwitu, na Kishu mara nyingi ni mweupe pepepe. Mtu anaondokaje nyumbani kwenda kununua mbwa mweupe aje kuishi kwenye vumbi letu, na maji yenyewe ya kuvizia? Kai nilimpenda, sitaki kusema uongo. Ni mbwa wa milima ya Yamanashi, huzaliwa mweusimweusi, mistari ikajitokeza anavyokua. Lakini Mjapani mwenyewe humpata kwa shida, sembuse mimi.

Ikabaki Shiba. Mdogo wa wote, sentimita arobaini hivi kwenda juu, kilo nane mpaka kumi. Nikaona huyu atashiba. Kisha Kadzo akaanza kushuka kwenye maandishi madogo. Manyoya ni tabaka mbili, na mara mbili kwa mwaka ya ndani hupukutika yote. (Mama Kadzo: "Na atafagia nani?") Ukimfungua kamba akaona kitu kinakimbia, umempoteza. Ukimshika kwa nguvu kumkata kucha hupiga ukelele ambao majirani watadhani mna maiti ndani. Na mbwa hawa dume kwa dume wengi hawaelewani. Bosco ni dume, kwa hiyo aletwe jike. Dume na jike, ua mmoja, mabati manne. Halafu daktari aje aniambie watoto wao nao wana upweke.

Maalim wa nyumba ya pili habari zilimfikia kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Nasikia unaongeza mbwa."

"Naongeza, Maalim, lakini ni wa kuwinda." Nilisema hivyo makusudi, najua mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda wana ruhusa yao.

"Atawinda nini hapa Mtopanga, tuktuk? Na kuwinda si kulipigwa marufuku nchi hii tangu 1977?"

Nikanyamaza. Maalim akaendelea na safari yake. "Basi wa kwanza analia, na wa pili hana kazi," akasema, kama anayehesabu.

Sasa hapo ndipo shemeji yangu alipoingia, na shemeji akiingia kwenye jambo, mfuko wangu ndio unaotoka. Shemeji anashindashinda kwenye yadi za magari. Akapiga simu. Kuna broka anamjua, ana Shiba "halisi, wa Japani, ameshuka juzi melini." Na kwa kuwa daktari alisema mbwa wakutanishwe kwanza mahali ambapo si pa mmoja wao, ilibidi Bosco naye aende. Mwenye tuktuk akataka nauli ya mtu mzima kwa ajili ya Bosco, kwa hoja kwamba amekaa dirishani. Nikalipa. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya ploti, siwezi kuonekana barabarani nikibishana nauli ya mbwa.

Yadi tukaikuta, broka tukamkuta, miwani ya jua juu ya kichwa, na mbwa kafungwa kwenye gurudumu la gari.

"Karibu mzee wangu! Hii mali usiione hivi. Haijatembea barabara ya Kenya hata siku moja."

"Ya mwaka gani?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Yadini ulimi unaenda wenyewe.

"Ya 2022. Ile miaka minane ya sheria ya magari bado, bandarini imepita bila swali. Na inakula kidogo! Ukiijaza asubuhi, mpaka jioni."

"Bei?"

"Kwa sababu umekuja na shemeji, laki moja na ishirini."

Bosco akalala chini ya gari. Mimi nikabaki nimesimama, kwa heshima ya familia.

Kadzo akatoa simu aanze ukaguzi. Masikio yamesimama, sawa. Rangi nyekundu, sawa. Tena nyekundu kupita kiasi, inang'aa. Weupe lazima uwe mashavuni, chini ya kidevu, kifuani na tumboni. Ulikuwepo, lakini Bosco alipotoka kunusa shavu la mgeni alipiga chafya mpaka akakaa, na pua yake ikabaki nyeupe. Ilikuwa poda. Poda ya watoto, ile ya kopo, nilisikia harufu yake. Nikapitisha kidole mgongoni mwa mbwa. Kikarudi na rangi ambayo Mama Kadzo huwa nayo viganjani wiki ya harusi.

"Hii ni hina," nikasema.

"Hiyo ni rangi ya kiwandani, mzee. Joto la huku linaitoa kidogo."

"Karatasi zake ziko wapi?"

Akaniletea karatasi, imeandikwa Kijapani kweli, imepigwa muhuri kweli. Shemeji akaichungulia, akaanza kutazama mawingu. Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga bandari anaijua karatasi ile. Ni ya mnada wa magari. Gredi nne na nusu juu, na chini mchoro wa gari lililopasuliwa bapa, lina alama za A1 na U2 pembezoni; A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo.

"Bwana mdogo," nikamwambia, "hapa pameandikwa ana mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma."

"Ni kidogo tu, unasuguliwa unaisha."

"Mbwa ana mlango wa nyuma?"

Hakusita hata kidogo. "Kila mbwa anao, mzee wangu."

Ukabaki mkia. Shiba mkia wake hujikunja juu ya mgongo, na huu ulikuwa umejikunja vizuri mno, duara kamili, hautikisiki. Nilikuwa bado nauinamia pale kijana wa viazi karai alipopita na ndoo yake ya achari, akasimama, akaangua kicheko. "Popi! Wee Popi! Umevalishwa nini?" Mjapani akaruka kwa furaha, akataka kutikisa mkia, na lastiki ikakatika, ikampiga broka kwenye miwani. Mkia ukanyooka mbele ya macho yetu, mrefu, mwembamba, mkia wa koko wa Kongowea.

"Wanafundishwa Kiswahili hukohuko," broka akasema, anaokota miwani. Kisha akanisogelea sikioni. "Mzee, nipe elfu tatu tumalize."

Elfu tatu! Kutoka laki moja na ishirini! Hapo heshima iliniishia, na sisemi kwa mzaha. Karo ya Kadzo nimeilipa nusu, mtungi wa maji umepanda tena na mfereji unatoa upepo, stima inaondoka bila kuaga, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nimesimama juani nasoma karatasi ya mnada wa gari nitafute ukoo wa mbwa, ili mbwa mwingine asijisikie vibaya. Nikamwambia broka maneno ambayo Kadzo aliambiwa azibe masikio. Broka akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, "Basi elfu mbili na ya chai?"

Popi alitufuata mpaka barabarani. Bosco hakumtazama. Shemeji yuko na "mtu mwingine" wa Changamwe.

Lakini kuna jambo moja Kadzo alilisoma, na ndilo bado linanisumbua: Shiba alikuwa akiwindia ndege na wanyama wadogo. Ndege! Nikafikiria kunguru. Mnawajua hawa kunguru wa Kihindi, hawahitaji utambulisho. Mwaka 2024 serikali ilitangaza itawaangamiza milioni moja kabla ya mwaka kwisha, na walio kwenye mwembe wangu nadhani hawakusikia tangazo. Juzi mmoja kaingia jikoni mchana kweupe, kachukua hamri la moto kwenye sahani, kalikalia mabatini kulila kwa mapozi, na Bosco yuko chini anatazama tu, amefungua mdomo.

Na mahamri yenyewe, mmeyaona yalivyokuwa siku hizi? Yamefura nje, ukibofya, kidole kinafika upande wa pili. Nikamwuliza yule mama wa kona, hii ni nini? Akanijibu unga umepanda, nazi imepanda, iliki ndiyo usiguse. Nikamwambia, na hewa je? Akasema hiyo bado ni bure, ndiyo maana anaitia kwa wingi.