Kitunguu cha Uholanzi

Jumapili iliyopita kitunguu kiliniishia. Nyama iko jikoni, nageukia kikapu, maganda matupu. Nakaa Aachen, Ujerumani, na huku Jumapili maduka yanafungwa. Hakuna cha kugonga dirisha la duka la Mangi saa tatu usiku. Jirani akaniambia nipande basi niende Vaals. Njiani simu ikalia: karibu Uholanzi. Basi wala halikupunguza mwendo. Sikuona kizuizi, wala mtu wa kuniuliza naenda kwa nani. Nikanunua vitunguu, nikarudi Ujerumani kumalizia mchuzi.

Nilicheka peke yangu ndani ya basi, kisha nikakasirika. Mimi ni mtu wa Moshi, na mama mdogo wangu ameolewa Taveta, upande wa Kenya.

Watu wa kwetu hamhitaji kusimuliwa. Himo, Holili, ng'ambo ndiyo hiyo Taveta. Mama mdogo anauza vitunguu sokoni. Vinalimwa huku, vinaliwa kule, lakini gunia likifika kwenye mstari linageuka kesi. Karatasi ya hiki, muhuri wa kile, mkubwa ametoka kula. Mama alipolazwa, mdogo wake alitumia siku nzima kuhangaikia hati ya kuvukia. Halafu mtu anashangaa kwa nini njia za panya hazioti majani!

Na mstari wenyewe hatukuuchora sisi. Mwaka 1886 Mjerumani na Mwingereza walikubaliana huko kwao: uanzie mdomo wa mto Umba, upite Ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, uende mpaka Ziwa Victoria. (Ile ya Malkia Victoria wa Uingereza kumzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima ni porojo, acheni kuwauzia watalii.) Leo kitukuu wa mchoraji anavuka mpaka wake akifuata mkate wa Jumapili, na sisi tuliochorewa ndio tunaulinda kama mboni ya jicho.

Nawasikia. "Mangi, miaka minne tu ya baridi, tayari kwetu kunanuka." Hakunuki. Huku huwa nawatambia watu kwamba Brussels yetu ni Arusha: makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahakama yake, bunge lake. Mkataba ulisainiwa hapohapo Novemba 1999, nchi tatu. Leo ziko nane, na tangu Kongo iingie mwaka 2022 tumetoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Nyerere mwaka 1960 alikuwa tayari hata uhuru wa Tanganyika usubiri, mradi tuungane na Kenya na Uganda. Na Holili na Taveta wanaelewana kwa Kiswahili bila mkalimani.

Ndiyo maana inaniuma. Wenzetu wa Ulaya walisaini mkataba wa Schengen wa kufungua mipaka, nchi tano, mwaka 1985, na mwaka 1995 ukaguzi mipakani ukaondoka. Sisi soko la pamoja tulilianza mwaka 2010. Kenya, Uganda na Rwanda tangu mwaka 2014 wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa. Sisi wenye jengo la Jumuiya bado tunadai pasipoti au hati. Mwenye sherehe ndiye kasimama mlangoni na komeo!

"Umesahau 1977?" Sijasahau. Jumuiya ya kwanza ilivunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, na bibi alikuwa akisimulia habari za watu waliozikwa ng'ambo bila ndugu zao. Sasa hoja hiyo ni ya kubana mpaka au ya kuulegeza?

"Wakenya watatumeza." Haya, hapa nakiri na mimi nimewahi kuimba wimbo huo. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilipochomwa moto mpakani Namanga, niliitetea serikali. Nilisema magonjwa, nikasema sheria ni sheria. Leo nikikumbuka naona aibu. Julai 2025 ikatoka amri ya kumzuia asiye raia kufanya biashara ndogondogo, kununua mazao shambani ikiwemo. Nusu yake naielewa. Kijana anayelima vitunguu Mang'ola ananyongwa bei. Lakini ananyongwa na dalali, na dalali wengi ni Watanzania wenzake. Kumzuia Mkenya kunampunguzia nini huyo kijana zaidi ya wateja?

Na yule wa mwisho, ambaye hakosekani: "Mbona Wajerumani wenyewe wamerudisha ukaguzi?" Kweli, tangu Septemba 2024, mipaka yote ya nchi kavu. Nilishawahi kuwa kwenye basi la masafa likasimamishwa, abiria wote wamelala, na aliyeamshwa kutoa karatasi mnamjua. Kwa hiyo msidhani nimerogwa akili. Sisemi Ulaya ni pepo. Nasema basi la mjini linavuka, na gunia la mama mdogo linasubiri mtu amalize ugali.

Jioni nilimpigia nikamsimulia yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kilo moja nimeinunua kiasi gani. Nikamtajia. Akaigeuza kwa shilingi za Kenya, kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hebu waulize hao Waholanzi kama wanahitaji mtu wa kuwaletea."