Udongo Kwanza, Ukoka Baadaye

Mwaka jana tulichimba shimo la maji taka na kujenga uzio nyumbani kwetu, kwenye mojawapo ya miteremko ya Mwanza. Kazi ilipokwisha ukuta ulikuwa umenyooka vizuri, lakini uwanja uliokuwa na ukoka kwa miaka mingi ulibaki kifusi cha changarawe, na pale mafundi walipokuwa wakichanganyia zege ardhi ilikuwa imeganda kama sakafu. Nilinunua ukoka, nikaupandikiza juu ya kifusi kilekile na kuumwagilia asubuhi na jioni. Ukageuka njano, kisha ukafa.

Ukoka haukuwa na kosa. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi iliyooza na uhai wote wa ardhi, ulikuwa umefukiwa chini ya udongo wa shimoni usio na rutuba. Magurudumu ya tipa yalikuwa yameushindilia uwanja hata maji hayakupenya. Aidha, mabaki ya saruji yana chokaa, na chokaa ikizidi mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma, ndiyo maana majani hupauka.

Nilianza upya. Nilibandua zege lililoganda na kuliondoa, nikalima kwa sululu na jembe kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha nikachanganya samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, kwa kuwa samadi mbichi huunguza mizizi na huleta magugu. Katika mkoa wa wafugaji kama wetu, samadi si kitu cha kutafuta mbali. Mvua za vuli zilipoanza nilipanda vipande vyenye mafundo mawili au matatu, nikaviachia nafasi ya kiganja kimoja, na sikuruhusu mtu akanyage mpaka viliposhikana.

Wapo majirani waliochoka na vumbi wakasakafia uwanja mzima. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu maji yasiyopata pa kuzama humshukia jirani aliye chini. Uwanja ulioachwa wazi nao una madhara yake: mvua moja kubwa huubeba udongo hadi kwenye mifereji na Mto Mirongo, kisha ziwani, ambako rutuba hiyo huyalisha magugu maji yanayowasumbua wavuvi wetu.

Kwa hiyo naona mapatano na fundi yasiishie kwenye tofali na nondo. Yataje kwamba udongo wa juu utatengwa kabla ya kuchimba, zege litachanganywa juu ya bati, na gari litapita njia moja tu. Gharama yake ni siku moja ya vibarua wawili. Tunajiandaa kujenga banda la kuku, na rundo la udongo mweusi tayari liko pembeni, limefunikwa turubai.