Kukabia Juu Ni Kazi ya Mabeki

Timu ikikabia juu, yaani ikiwafuata wapinzani kuwanyang'anya mpira karibu na goli lao, macho yote huenda kwa straika. Anamkimbilia beki, anamfuata kipa hadi ndani ya boksi, jukwaa linapiga makofi. Timu ikifungwa, lawama nazo zinaelekea hukohuko: mbele hawakabi, winga anatembea. Mimi humwangalia beki wa kati. Straika wake anapomfukuza kipa wa wapinzani, yeye amesimama wapi? Kama bado yuko karibu na boksi lake, hakuna presi hapo. Kuna watu watatu wanaokimbia bure, na nyuma yao uwanja mtupu ambamo kiungo yeyote mtulivu atapokea mpira, ageuke na kuchagua pa kuupeleka.

Kocha Arrigo Sacchi alilishika hili mapema. Milan yake, iliyobeba Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990, ilitakiwa ibane uwanja hadi umbali kati ya beki wa mwisho na straika uwe takriban mita 25. Beki Franco Baresi ndiye aliyeongoza mstari wa mabeki kupanda. Ni kweli sheria ya kuotea ilimbeba zaidi kuliko inavyowabeba makocha wa leo, lakini hesabu yenyewe haijabadilika: nafasi ikiwa finyu, kila anayepokea mpira anakuta mtu mgongoni.

Wa mbele naye hakimbii ovyo. Anasubiri pasi ya kurudi kwa kipa, mguso mbaya, au mpira kwenda kwa beki wa pembeni. Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda, kwa sababu mstari wa pembeni ni mkabaji asiyepigwa chenga. Winga anakimbia kwa kupinda ili azibe njia ya kurudi kati, kiungo anambana aliye karibu, na beki wa pembeni anapanda juu na mtu wake. Sasa geuza macho nyuma: wamebaki mabeki wawili wa kati, na mgongoni mwao nusu nzima ya uwanja. Tangu mwaka 2019, sheria iliporuhusu mpira wa goli upokelewe ndani ya boksi, kipa amekuwa mtu wa ziada wa kuanzisha mashambulizi, hivyo anayekaba analazimika kupeleka watu wengi zaidi mbele. Mzigo wa wale wawili umezidi.

Oktoba 2020, Liverpool wakiwa mabingwa watetezi wa Uingereza walipigwa 7-2 na Aston Villa. Makosa yalikuwa mengi siku ile, ila mstari uliokaa juu huku mpigaji pasi hana wa kumsumbua uliwaumiza vibaya. Barcelona ya kocha Hansi Flick imetuonyesha pande zote mbili. Oktoba 2024 iliifunga Real Madrid 4-0 Bernabéu, Mbappé akinaswa kwenye mtego wa kuotea tena na tena. Aprili na Mei 2025, mstari huohuo uliishia kuruhusu mabao saba katika mechi mbili dhidi ya Inter, 3-3 na kisha 4-3.

Wengi walisema mstari wa Flick uko juu mno. Sikubaliani nao. Urefu wa mstari peke yake hauniambii kitu. Nataka kujua aliye na mpira ana raha kiasi gani. Amebanwa, ameinamisha kichwa? Pandeni. Ameinua kichwa na hakuna wa kumgusa? Rudini kabla hajapiga, kwa sababu akishapiga mmechelewa. Uamuzi huo ni wa nusu sekunde, na lazima watu wanne waufanye kwa pamoja.

Ndiyo maana sielewi klabu inayotaka kukabia juu halafu inamalizia bajeti yote kwa mawinga. Kama mabeki wako wa kati ni wazito na kipa hatoki golini, ishushe timu nzima hadi mstari wa katikati, usubiri hapo. Straika ataonekana mvivu kwenye televisheni, na wachambuzi watamsema wiki nzima. Waache waseme.