Pikipiki ya Zamani Ikiibwa Tanga: Klabu Itangaze Nini, Ifiche Nini

BSA Bantam au Triumph Tiger Cub ikikatiza Ngamiani, watu wanageuka kuitazama. Ndiyo maana mwizi anayejua kazi yake haiuzi nzima, anaichinja. Tangi linakwenda kwa huyu, kabureta na magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) kwa yule, fremu inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu au inavushwa mpaka wa Kenya pale Horohoro. Pikipiki nzima itaulizwa kadi, lakini magneto iliyofungwa kwenye kiroba ndani ya basi nani ataiuliza?

Askari wa zamu hatarajiwi kuitambua magneto ya Lucas kwa macho. Anayeitambua ni mwenye pikipiki kama hiyo, na hapo klabu za wamiliki zina nguvu ya kweli. Wanachama wanabishana juu ya kipimo: wizi ukitokea, kila kitu kisambazwe kwenye makundi ya wasap saa hiyo hiyo, au mengine yazuiwe?

Wanaotaka kusambaza wana hoja nzito. Siku za mwanzo ndizo zenye faida, kabla tangi halijapigwa rangi nyingine. Namba ya fremu na namba ya injini hazina sababu ya kufichwa, maana mwizi anazo mkononi tayari; asiyezijua ni mnunuzi. Zitangazwe kamili, pamoja na picha za pande zote mbili na namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa polisi.

Tatizo ni vipuri. Wengi wanadhani kila namba iliyogongwa kwenye chuma ni ya kipekee, na sivyo. Kabureta ya Amal yenye 930 ubavuni inataja aina yake tu, na ziko nyingi mno zenye namba hiyo. Herufi na tarakimu kwenye uso wa spidomita ya Smiths nazo zinataja toleo. Ukienda polisi na namba hizo peke yake, mwenye kipuri atasema ni chake, na hutakuwa na la kumjibu.

Kinachoshinda ubishi ni alama uliyoiweka mwenyewe kabla ya wizi: herufi mbili zilizochorwa kwa ncha ya chuma ndani ya kibakuli cha kabureta, nukta tatu zilizogongwa kwa senta-panchi (ncha ya chuma ya kutia alama) chini ya tangi mahali kiti kinapofunika, picha ya karibu ya ufa uliochomelewa kwenye madigadi. Alama hizi zisitangazwe kamwe. Zikijulikana, mwizi atazisaga kwa tupa, na kipuri kikipatikana atajitokeza mtu mwingine akizitaja kana kwamba ni zake. Ziandikwe, zipigwe picha, nakala moja akae nayo katibu wa klabu.

Wanachama wenye haraka wamewahi kukosea upande mwingine pia. Wanaona namba ya injini haifanani na ya fremu, wanapiga kelele kuwa ni ya wizi. BSA za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani Birmingham na namba mbili tofauti. Kutofanana kwake si ushahidi wa lolote. Triumph za miaka hiyo hiyo ndizo zinazotakiwa kufanana. Penye shaka, klabu ya pikipiki za zamani ya Uingereza, VMCC, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina vitabu vya kiwandani vinavyoonyesha injini ipi ilitoka na fremu ipi. Havisemi nani mwenye pikipiki leo. Hilo linabaki kwenye kadi ya TRA, mamlaka ya mapato.

Namba iliyogongwa upya hujionyesha: tarakimu zimepanda na kushuka, eneo limekwanguliwa na kuwa bapa kuliko chuma kinacholizunguka. Triumph za kuanzia 1969 zina nembo ndogo ndogo chini ya namba ya injini. Nembo zikifutika, kuna mkono uliopita hapo. Ukiona hivyo usiguse kwa msasa. Kwenye fremu ya chuma, wataalamu wa polisi wanaweza kuirudisha namba ya zamani kwa kemikali, kwa sababu pigo la nyundo hukandamiza chuma hadi chini ya kinachoonekana. Msasa wako unaondoa tabaka hilo hilo.

Jina na picha ya anayeshukiwa visiwekwe kundini hata kidogo. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini kubwa kuliko sheria ni kwamba mtu akishaitwa mwizi mtaani anaweza kuuawa kabla hajaulizwa kipuri alikinunua wapi.

Na wengi walikinunua kweli. Fundi wa Makorora aliyelipia kabureta kwa nia njema atapaswa kuirudisha, kwa kuwa mwizi hakuwa na umiliki wa kumuuzia. Hapa tunaona klabu ichange imrudishie fundi huyo fedha zake, kwa sharti aende polisi kueleza nani alimuuzia. Fundi anayejua atapoteza fedha atanyamaza, na fundi akinyamaza njia ya kipuri inakatika mlangoni kwake. Asiyetaka kumtaja muuzaji asilipwe hata shilingi, maana hiyo itakuwa ni kununua mali ya wizi kwa mchango wa klabu.