Lori likikumulika usiku, usimhukumu dereva kabla hujatazama springi

Zungumza na wenye magari madogo wanaosafiri usiku kati ya Dar es Salaam na Mbeya, lalamiko halichelewi: madereva wa malori hawana utu, wanapiga fulu, yaani taa zilizopandishwa, makusudi, wanawapofusha wenzao halafu wanapita kana kwamba barabara ni yao. Lina ukweli wake, na nitaufikia. Lakini linavyosemwa siku zote linamchukulia dereva wa lori kuwa mtu mwenye swichi mkononi na roho mbaya moyoni. Wengi wao sivyo walivyo, na tukiendelea kuwaza hivyo tutaendelea kukamata watu wasiohusika huku mwanga ukiendelea kutuchoma macho.

Tazama vimo kwanza. Macho ya mtu aliyekaa ndani ya IST yako kama mita 1.1 kutoka ardhini. Taa za malori mengi zimefungwa karibu mita moja juu, na nyingine hupita hapo. Taa na jicho vinatazamana. Dereva wa lori yeye amekaa juu, macho yake yako zaidi ya mita mbili, kwa hiyo dimu, yaani taa zilizoshushwa, ya gari dogo humpita chini bila kumsumbua. Hapo tayari wawili hawa wanaishi usiku tofauti kwenye barabara moja, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo ningependa kila anayelalamika alipigie hesabu. Dimu iliyorekebishwa vizuri kwa kawaida huinama kama asilimia moja, yaani kwa kila mita 10 mbele mwanga unashuka sentimita 10. Taa iliyo mita moja juu ya ardhi, mwanga wake unagusa lami mita 100 mbele. Ukiwa umbali wa mita 50 kutoka kwenye lori hilo, ukingo wa juu wa mwanga uko sentimita 50 kutoka chini, unakupiga kwenye bampa. Macho yako yako salama.

Pakia tela. Uzito wake wa mbele unakaa juu ya ekseli za nyuma za kichwa, yaani lori linalovuta tela, springi za chuma zinalala na pua ya lori inanyanyuka kidogo. Lori lenye springi za upepo hujisawazisha lenyewe. Lenye springi za chuma zilizochoka haliwezi. Tuseme pua imenyanyuka nyuzi moja tu, kiasi ambacho ukisimama kando ya lori huwezi kukiona kwa macho. Umbali wa mita 50, nyuzi moja ni sentimita 87. Ule ukingo wa mwanga uliokuwa kwenye bampa sasa uko mita 1.37. Umeyapita macho ya mwenye IST, na yale yote yaliyo chini ya ukingo huo ndiyo sehemu kali ya dimu.

Nyuzi moja. Dereva hajagusa kitu. Taa ya buluu kwenye dashibodi, ile inayomwambia kuwa fulu imewaka, imezimwa. Kwa upande wake ameshusha taa na ametimiza sheria. Wewe unayekuja mbele unaona fulu, unamwashia na kuzima mara mbili kumkumbusha. Anashangaa. Ili kukuonyesha kwamba yuko dimu tangu zamani, anapiga fulu yenyewe mara moja. Wewe unaona umetukanwa, nawe unapandisha zako na kuziacha juu. Ugomvi umezaliwa kati ya watu wawili ambao kila mmoja anaamini kwa haki kabisa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.

Malori mengi yametoka kiwandani na kidude cha kurekebisha hali hii: gurudumu dogo kwenye dashibodi lenye namba kuanzia 0, unalizungusha taa zinainama kadiri ya mzigo. Nenda sehemu zinapolala semi, Chalinze, Ruaha Mbuyuni au Makambako, uombe kuonyeshwa. Utakuta mota yake ilikufa zamani, au taa nzima ilibadilishwa baada ya ajali ndogo na fundi akaifunga kwa waya palipopatikana nafasi. Mwenye kuinunua mota hiyo si dereva. Ni tajiri wa gari, ambaye halali barabarani, na ambaye dereva akimpigia simu kuhusu taa inayowaka vizuri tu ataulizwa kwa nini hajaondoka. Dereva akisimamishwa na askari, faini na aibu vinabaki kwake.

Lipo jingine linalosahaulika kabisa. Sisi tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Pale Rusumo, magari hubadilishana upande mpakani. Dimu ya gari haikati sawasawa pande zote: upande wa ukingo wa barabara mwanga hunyanyuliwa makusudi ili dereva aone watembea kwa miguu na vibao. Kwenye gari lililotengenezwa kwa nchi za kulia, upande unaonyanyuliwa ni wa kulia. Likivuka Rusumo kuja kuchukua kontena bandarini Dar, upande huo ndio tunaokuja sisi. Dereva huyo anaweza kuwa mstaarabu kuliko wote barabarani na bado akakuchoma macho kutoka Ngara hadi Chalinze.

Tuje kwa fulu yenyewe, pale ambapo kweli imewashwa. Kwa nini dereva wa lori anaing'ang'ania? Kwa sababu anahitaji kuona, na dimu haimtoshi. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela kufikia tani 56. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Kuona, kukanyaga, breki kushika na gari kusimama, hata kwenye lami kavu na breki nzima, ni karibu mita 90 hadi 100. Mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni mwa barabara, kwa dimu, unamwona akiwa mita 50 hivi. Hesabu hiyo haina pa kutokea: kwa dimu na kwa mwendo huo, anachokiona mbele yake tayari amekwisha kukigonga.

Na barabara zetu zina vya kugonga. Lori bovu limeachwa njiani, nyuma yake hakuna pembetatu, yamewekwa matawi ya miti ambayo usiku hayarudishi mwanga wowote. Baiskeli yenye gunia la mkaa bila kiakisi. Bodaboda iliyokufa taa ya nyuma. Mikumi, ambako barabara inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi na mnyama hatoi indiketa. Mwenye gari dogo hupita hapo mara chache kwa mwaka, na akichoka analala Morogoro. Dereva wa lori anapita hapo wiki baada ya wiki, na posho yake imepangwa kwa safari. Anapochelewa kushusha fulu, mara nyingi anajaribu kujiibia sekunde mbili zaidi za kuona mbele kabla ya giza kumrudia.

Anakosea. Sekunde hizo mbili anazichukua kwako. Jicho lililopigwa na mwanga mkali halirudi mara moja. Chukulia sekunde tatu, na kwa kilomita 80 umesafiri mita 66 bila kuona kitu. Mtu wa miaka 60 hukaa gizani zaidi ya kijana wa 25, na kioo cha mbele chenye vumbi kwa ndani na mikwaruzo ya waipa hueneza mwanga huo kila upande. Mwenye gari dogo hana pa kukimbilia: kulia kuna lori, kushoto lami imekatika na pengine kuna mtu anatembea. Jibu sahihi la dereva asiyeona vya kutosha ni kupunguza mwendo, hata kama tajiri atapiga simu. Hilo nalikubali bila kusitasita, na wapo madereva wa malori wanaolijua na hawalifanyi, wakitegemea kwamba mdogo ndiye atakayepisha.

Ila wanaolisema hilo kwa sauti kubwa hawasemi la pili. Siku hizi taa kali kupita zote barabarani aghalabu haziko kwenye malori. Ziko kwenye magari madogo na pikapu ambazo wenyewe wamechomoa balbu ya kawaida na kuchomeka LED ya dukani ndani ya taa isiyotengenezwa kwa ajili yake. Kioo cha ndani ya taa kilipangwa kufuata mahali hasa ulipo waya wa balbu. Ukibadilisha chanzo, mwanga unatawanyika na dimu inapoteza ukingo wake. Mwenye gari anafurahi kwamba sasa anaona mbali. Dereva wa lori, pamoja na urefu wake wote, naye anapofuka.

Kulipiza ndiyo mbaya kuliko yote. Lori lina upana wa mita 2.5, njia yake ni mita tatu na kitu, na nyinyi wawili mnapishana kwa nafasi ambayo mtu mmoja angejibana kupita. Ukimpandishia fulu ili ajifunze, umefanya tani 56 zije kwako zikiongozwa na mtu asiyeona. Inua mguu kwenye mafuta, peleka macho kwenye mstari wa pembeni kushoto, mwache apite. Na ukiona lori linalokuja limewasha indiketa ya kulia mahali pasipo na njia ya kukata, fahamu anachokufanyia: anakuonyesha mwili wake unaishia wapi ili usimsogelee. Madereva wapya hudhani anataka kukata kona na kukanyaga breki kwa hofu. Huyo ni mtu anayekujali, kwa lugha pekee aliyonayo usiku.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku kucha mwaka 2023, jambo hili limekuwa zito zaidi, maana gari linalopishana na lori saa nane usiku linaweza kuwa na abiria hamsini waliolala. Ndiyo maana naona ajabu kwamba taa hukaguliwa, zikikaguliwa, gari likiwa tupu mchana, wakati kasoro yenyewe huzaliwa gari likipakiwa. Malori yote ya masafa tayari yanasimama kwenye mizani: Vigwaza, Mikumi, Wenda, Makambako, Mpemba. Yamesimama na mzigo wake, uzito wa kila ekseli uko kwenye kompyuta. Ubao uliochorwa mstari mmoja, umbali wa mita 10 mbele ya taa, unatosha kumwonyesha kila mtu kama dimu iko sentimita 10 chini ya kimo cha taa au imepanda. Wasafirishaji watasema foleni za mizani zinatosha, na wana haki, kwa kuwa mzigo wa Zambia na Kongo unahesabiwa kwa saa. Basi wakaguliwe usiku tu, wale ambao mwanga wao unaonekana umepanda, na hati ya makosa iandikwe kwa jina la mwenye gari, apewe siku za kutengeneza, dereva aendelee na safari yake.

Taa za ziada juu ya paa na kwenye bampa ni suala jingine. Hizo hazikuletwa na mzigo wala springi, mtu alizinunua na kuzifunga akijua, na hapo walalamikaji nawaunga mkono moja kwa moja: zifunguliwe kwa spana hapo hapo kabla gari halijaondoka, liwe lori, liwe basi, liwe Land Cruiser ya mheshimiwa.