Kipindi kimoja cha kuchora

Kwenye kikao cha wazazi katika shule moja ya sekondari mjini Moshi, mwalimu wa taaluma alituletea wazo: kidato cha kwanza na cha pili wote wapate kipindi kimoja cha uchoraji na ubunifu kila wiki. Mzee mmoja akanyanyuka. "Mwalimu, simlipii mtoto ada aje kuchora migomba. Migomba anayo nyumbani." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, lakini maneno ya mzee yule nimeondoka nayo hadi Arusha ninakofanyia kazi, maana hayakuwa maneno ya kupuuza.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umegawa sekondari katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, yaani ufundi na stadi za kazi. Sanaa imepewa nafasi kwenye amali, na katika tahasusi mpya, yaani michepuo ya masomo, za kidato cha tano zilizotangazwa mwaka huohuo zimo pia za sanaa. Ni hatua ninayoifurahia. Ugomvi wetu wa Moshi ulikuwa juu ya yule wa mkondo wa jumla, anayeelekea udaktari au uhasibu. Naye achore?

Mzee ana hoja. Ratiba ni kama gunia: ukiongeza kitu, kingine kinabanwa. Shule ambayo haina mwalimu wa kutosha wa fizikia inajiuliza vizuri kabla ya kutafuta wa kuchora, na walimu wa sanaa nao hawaokotwi. Chuo cha ualimu cha Butimba kule Mwanza na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamewafundisha kwa miaka mingi, lakini mwalimu wa sanaa akipangiwa shule isiyo na somo lake, atapewa Kiswahili au historia na rangi zake zitakauka. Halafu kuna kumbukumbu ya familia. Uchagani watu wamesomeshwa kwa kahawa, kilo kwa kilo. Mzazi wa namna hiyo anaposikia neno kuchora, anaona jasho lake likichezewa.

Wapo pia wanaosema sanaa haihitaji shule, nao wana ushahidi mzito. Edward Saidi Tingatinga hakupita chuo chochote cha sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi; alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaolisha familia nyingi hadi leo. Hilo siwezi kulibisha.

Ila nenda kwenye maduka ya picha hapa Arusha. Wamasai watatu wembamba, mikuki mkononi, jua linazama nyuma yao. Duka la pili, walewale. La tano, walewale. Mafundi hao wana mikono ninayoiheshimu kwa dhati. Wanachanganya rangi haraka kuliko unavyokoroga chai. Kinachowabana ni mtalii wa leo na kodi ya mwisho wa mwezi: hakuna nafasi ya kujaribu kitu na kikaharibika. Darasani nafasi hiyo ipo.

Mimi nina duka la uchapaji karibu na Soko Kuu. Vijana wanaokuja kuomba kazi wanazijua programu za kompyuta kuliko mimi. Mpe mmoja kadi ya mchango wa harusi: ataweka maua, ataweka dhahabu, fonti nne, na picha ya maharusi aliyoivuta mpaka nyuso zimerefuka. Namba ya kutuma mchango utaitafuta kwa tochi. Kompyuta hakukosa. Alikosa mtu wa kumkalisha akiwa na miaka kumi na minne akamwambia: tazama kikombe hiki, kichore, sasa niambie jicho lako limeanzia wapi. Ndiyo maana wale waliosema kikaoni kwamba tununue kwanza kompyuta za usanifu sikubaliani nao. Ianze penseli.

Vitu vya kufundishia vimetuzunguka. Kanga ni somo zima la mpangilio: pindo linazunguka, mji, lile pambo kuu, uko katikati, jina, yaani yale maneno yake, limekaa chini mahali litakaposomeka nguo ikivaliwa. Watoto wanaliona kila siku na hakuna aliyewauliza kwa nini limewekwa pale. Na huyo wa sayansi ataulizwa achore ua, moyo, seli. Asiyezoea kutazama huchora alichokariri ubaoni badala ya kile anachokiona kwenye hadubini. Mtoto wa Moshi aliyewahi kuchora Kibo na Mawenzi kwa macho yake mwenyewe, akaona mmoja umetulia na mwingine umechongoka, hahitaji kukaririshwa kwa nini kontua za Mawenzi, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko, zimebanana.

Kuhusu migomba, ningependa mzee yule asikie habari za mchoraji Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Alichora migomba hiyohiyo. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko kwenye jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York.

Hofu yangu kubwa ni mtihani. Nimewahi kufungua daftari la uchoraji nikakuta kurasa za maelezo, aina za mistari na aina za rangi, bila mstari mmoja uliochorwa na mtoto. Kipindi chetu kikigeuka hivyo, mzee atakuwa sahihi na nitahamia upande wake. Kwa hiyo kipindi hiki kisitafutiwe alama, na fundi wa mtaani aitwe aje kukaa na mwalimu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini. Shule zinaweza kuanzia kwa hao.

Karatasi haitakuwa kikwazo. Mashine zangu zinatoa mabaki meupe upande mmoja, gunia moja kila wiki. Nimemwambia mwalimu wa taaluma Jumamosi nashuka Moshi na la kwanza.