Sinia la Duara Libaki Duara

Mwezi uliopita tulikusanyika sebuleni kutazama harusi ya shangazi, iliyofanyika Tanga mwaka 1994 na kurekodiwa kwenye mkanda wa VHS ambao kwa miaka mingi tulikosa deki ya kuuchezea. Tulikuwa tumeupeleka studio ukahamishiwe kwenye fleshi, na tulilipa bila kusita, kwa sababu mkanda huo ndio pekee unaomwonyesha marehemu bibi akitembea na kucheka. Bibi alipotokea mlangoni, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu si mama yangu." Bibi alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye uso wa kuchongoka, tuliyemwona alikuwa mtu wa mashavu mapana na mabega mazito, na mpwa wangu akauliza kama bibi aliugua ugonjwa wa kuvimba.

Swali la mtoto yule liliniuma, kwa sababu jibu lake halikuhusu afya ya bibi hata kidogo. VHS ilirekodi picha yenye uwiano wa 4 kwa 3, yaani upana wa sehemu nne kwa kimo cha sehemu tatu, ilhali runinga za leo ni 16 kwa 9. Katika fremu ya pikseli (vitone vidogo vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, picha ya zamani inastahili kukaa katikati ikiwa na upana wa pikseli 1440, na kila upande ibaki nafasi nyeusi ya pikseli 240. Fundi aliivuta ikajaa fremu nzima, na hivyo kila kilichokuwamo kikapanuka kwa theluthi moja huku kimo kikibaki vilevile. Ukitaka ushahidi, tazama masinia ya pilau katika video hiyo: yote yamekuwa na umbo la yai.

Nilipomuuliza fundi, alinijibu kwa upole kwamba wateja hawapendi nafasi nyeusi, wanadhani kazi imeharibika. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba malalamiko hayo yapo. Hata mjomba wangu hubonyeza rimoti mpaka skrini ijae, bila kujali kinachowapata watu waliomo. Lakini mteja asiyejua anastahili kuelezwa kwa sentensi mbili, na kazi ya kumweleza ni ya yule anayejua. Uwiano wa 16 kwa 9 wenyewe ulipendekezwa miaka ya 1980 na mhandisi Kerns Powers, aliyepanga mistatili ya maumbo yaliyokuwa yakitumika wakati huo, kuanzia 4 kwa 3 ya runinga hadi picha pana za sinema, kisha akatafuta mstatili mmoja unaoweza kuyabeba yote. Nafasi nyeusi pembeni ya mkanda wa 1994 ni sehemu ya mpango huo tangu mwanzo, na hakuna kilichoharibika hapo.

Wapo wanaoona ni afadhali kukuza picha hadi ijae, bila kuivuta. Hao hukata robo ya kimo chake, na katika video ya harusi robo hiyo ni vilemba vya juu na mikono yenye hina ya chini. Kujaza pembeni kwa nakala yenye ukungu ya picha ileile nako hunichosha macho. Video za wima za simu sizilaumu. Zimerekodiwa wima ili zitazamwe wima.

Hata fundi mwangalifu anaweza kukosea mahali pamoja, nami namhurumia. Mkanda wa PAL, mojawapo ya mifumo ya zamani ya picha za runinga, ukiingizwa kwenye kompyuta kwa kawaida hutoa fremu ya pikseli 720 kwa 576, na ukigawanya namba hizo unapata 5 kwa 4, kwa kuwa pikseli za mfumo huo si za mraba. Programu isipoelezwa kwamba picha inapaswa kuonyeshwa kwa 4 kwa 3, watu hutoka wembamba kuliko walivyokuwa. Dawa ni kuandika uwiano sahihi ndani ya faili, au kuibadili fremu iwe 768 kwa 576 kabla ya kuipakia kwenye mitandao, ambako maelezo hayo wakati mwingine hupuuzwa.

Bahati yetu ni kwamba picha iliyovutwa hurudi, tofauti na iliyokatwa. Jioni ileile nilirekebisha uwiano wa faili, nikatazama kwanza masinia, kisha nikamwita mama. Aliketi karibu na runinga, akaomba nirudishe mara tatu pale bibi anapoingia mlangoni. Imebaki mikanda mitatu ya familia ambayo bado haijahamishwa, na nitakapoipeleka studio nitabandika karatasi juu ya kila mmoja: "4 kwa 3. Usivute, usikate."